Kukwepa Konde Si Woga

WAHENGA walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini niliifundisha methali hii madarasani, nikaiandika ubaoni na kuwataka wanafunzi waitolee mifano. Wengi waliijibu vyema katika mtihani. Lakini ni wachache mno walioiamini, na mimi mwenyewe, mwalimu wao, sikuielewa barabara mpaka nilipojaribu kujifunza ndondi.

Naandika makala haya kwa ajili ya walimu wenzangu na wanafunzi, hususan wa Kitale na Bungoma, ambako nimeishi na kufanya kazi. Vijana wengi hutamani kupigana ngumi. Ninalotaka kusema ni jambo moja tu: fundisho la kwanza la ndondi si kupiga, bali ni kutopigwa, na mtu mzima yeyote anayemruhusu kijana aingie ulingoni kabla hajalipata fundisho hilo anamkosea. Nasema hivyo kwa sababu mimi niliwahi kufanya kosa hilo.

Niliwasili Kitale mapema mwaka 1989, mwalimu kijana na sanduku langu moja la bati. Mwaka uliotangulia, huko Seoul, Robert Wangila alikuwa amemwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika fainali ya uzani wa welta na kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ndondi katika Michezo ya Olimpiki. Mwenzake, Chris Sande, alirudi na shaba. Hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Wangila ni jina ambalo Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia hulihesabu kuwa lao, na basi siku hizo hapakuwa na mtoto mjini Kitale ambaye hakuwa Wangila. Walirushiana ngumi njiani wakitoka shule, nyuma ya maduka, hata kwenye foleni ya chakula.

Nami pia nilishikwa na homa hiyo. Nikaambiwa kwamba kuna askari jela mstaafu ambaye huwafundisha vijana jioni katika ukumbi mmoja wa kukodi. Sote tulimwita Sajini. Si ajabu kwamba alikuwa askari, maana ndondi za Kenya zimelelewa kwa miaka mingi na vikosi vya jeshi, polisi na magereza. Nilimwendea nikamwambia, "Mzee, nataka kujifunza kupiga." Akanitazama kuanzia utosini hadi viatuni. "Mwalimu," akasema, "kupiga hata mtoto mchanga anajua. Hapa tunajifunza kusimama."

Alitoa kipande cha chaki mfukoni, akachora mstari sakafuni na kuniamuru nisimame juu yake. Mguu wa kushoto uwe mbele na wa kulia nyuma, umbali wa upana wa mabega kati yao, mstari ukipita katikati ya nyayo mbili. Kisigino cha nyuma kiinuke kidogo. Magoti yalegee. Kidevu kishuke. Mikono iwe usawa wa mashavu, na viwiko vizilinde mbavu. Kwa mashoto, mambo yote hugeuka kinyume. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Baada ya dakika tatu mapaja yalikuwa yakinitetemeka kama ya mzee wa miaka tisini.

Baada ya kusimama tukaingia katika kutembea. Ukienda mbele, mguu wa mbele ndio utangulie; ukirudi nyuma, wa nyuma; ukienda kulia, wa kulia. Miguu isipishane kamwe, wala nyayo zisigusane, kwani anayeguswa wakati miguu yake imepishana huanguka hata kwa konde la mtoto. Kwa wiki tatu nzima sikuvaa glavu. Nilitembea juu ya mstari wa chaki, mbele na nyuma, huku Sajini akiketi kwenye benchi na kusema neno moja tu, "Miguu."

Nilinung'unika. Siku moja nikamwambia kwamba sikuja pale kucheza dansi. Hakukasirika. Aliniuliza mimi hufundisha somo gani, nikamjibu kuwa ni Kiswahili. Akaniuliza tena, "Je, mwanafunzi akikuletea insha iliyojaa methali na misemo, lakini hajui ngeli, unampa alama ngapi?" Nikanyamaza. Kila mwalimu wa lugha anawajua wanafunzi wa aina hiyo. Wanataka maua kabla ya mizizi. Sentensi ya kwanza ina nahau tatu, na ya pili haina upatanisho wa kisarufi. Jioni ile nilirudi kwenye mstari wangu bila kusema neno.

Wiki ya nne tukajifunza kukunja ngumi. Dole gumba likae nje, juu ya vidole vingine, wala lisifichwe ndani likavunjika. Kifundo cha mkono kinyooke. Kisha likaja konde la kwanza, lile la mkono wa mbele, ambalo ndilo fimbo ya kipofu kwa bondia: hulitumia kupimia umbali, kumsumbua mpinzani na kumzuia asikaribie. Hutoka begani kwa mstari ulionyooka, na hurudi kwa mstari uo huo kwa kasi ile ile. Sajini alijali zaidi kurudi kuliko kwenda. "Mkono uliochelewa kurudi," alisema, "umeacha mlango wazi." Mkono wa pili, wakati huo wote, usibanduke shavuni. Konde la mkono wa nyuma lilifuata baadaye, na hapo nikagundua kwamba nguvu haitoki mkononi hata kidogo. Hutoka kwenye unyayo wa nyuma unaogeuka, ikapanda kiunoni, ikapita begani, na mkono ni mjumbe tu. Ndipo nikaelewa kwa nini nilitembezwa kwa wiki tatu.

Hata hivyo sehemu kubwa ya mafunzo haikuwa kupiga. Sajini alining'iniza bonge la matambara darini kwa kamba, akalisukuma linijie usoni, nami nikatakiwa kulikwepa bila kurudi nyuma. Kosa la kwanza la kila mwanagenzi ni kufumba macho. La pili ni kuinama kiunoni, akatazama sakafu na kumpa mpinzani kisogo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ni kweli, lakini katika ndondi huinama kwa magoti, macho yakiwa mbele. Nilifundishwa kulipokea konde kwa kiganja, kulisukuma kando, kuliacha lipite juu ya bega, na kupiga hatua moja ya kuondoka. Miezi minne ilipita kabla sijasimama mbele ya mtu mwenye glavu, na hata hapo tulikatazwa kupigana kichwani.

Laiti ningeyashika mafunzo hayo yote kwa moyo kama nilivyoyashika kwa mwili!

Mwaka 1994 nilihamishwa hadi Bungoma. Nilipanda matatu Kitale, tukapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, tukafika Webuye na kushika barabara kuu ya kuelekea Bungoma. Ni safari fupi, lakini kwangu ilikuwa kama kurudi linakotoka jina la yule shujaa wetu. Na mwezi wa Julai mwaka huo huo habari mbaya ikatufikia. Wangila, ambaye alikuwa amejiunga na ndondi za kulipwa huko Marekani, alikuwa amefariki Las Vegas kutokana na majeraha ya kichwa aliyoyapata katika pambano. Alikuwa na umri wa miaka 26. Nakumbuka walimu walivyokaa kimya katika chumba chao, redio ikiwa wazi.

Mwezi uliofuata ulikuwa Agosti, na mwaka wenyewe ulikuwa wa kugawika kwa mbili. Msomaji wa Bungoma ameshajua ninalotaka kusema. Kwa Wabukusu huo ndio msimu wa tohara. Kijana hucheza na kengele zake akizunguka kuwaalika jamaa, na alfajiri ya siku yenyewe, mwili ukiwa umepakwa tope la mtoni, husimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Akitikisika, aibu huwa si yake peke yake, bali ya ukoo mzima. Siidharau mila hiyo hata chembe. Imewafunza vijana wengi kwamba maumivu yanaweza kuvumiliwa, na hilo ni fundisho kubwa.

Januari 1995 nilianza kuwafundisha ndondi wanafunzi wachache baada ya masomo. Miongoni mwao alikuwapo kijana mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa ametahiriwa katika msimu ule. Alikuwa na mabega ya mtu aliyezoea jembe. Konde lake lilikuwa zito na miguu yake haikuwa mibaya. Lakini hakukwepa. Bonge la matambara lilimjia usoni, naye akalisubiri kwa kifua mbele. Nilipomkemea alinijibu, "Mwalimu, mimi nilisimama mbele ya kisu. Nitakwepaje ngumi?"

Wenzake walishangilia. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka na kumsifu mbele ya wote kwa ushujaa wake.

Muhula wa pili alitokea mtu mmoja aliyekuwa akiandaa mapigano katika soko la karibu, akitafuta vijana wa kujaza orodha yake. Kijana yule aliniomba ruhusa. Nilijua kwamba hajaiva. Nilijua pia kwamba mahali pale hapangekuwa na daktari. Lakini nilitamani, kwa kiburi cha mwalimu, kuona jina la shule yetu likitajwa. Nikamruhusu.

Hakuanguka hata mara moja. Alisimama raundi zote tatu akipokea makonde usoni kama alivyosimama mbele ya ngariba, na umati ukampigia makofi kwa sababu hiyo hiyo. Alishuka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, akitabasamu. Tulipokuwa njiani kurudi aliniuliza ile ilikuwa siku gani. Nikamjibu. Baada ya hatua chache akaniuliza tena. Mara ya tatu nilianza kuogopa. Kisha akatapika kando ya barabara. Alilazwa hospitalini siku kadhaa, na aliporudi hakuweza kusoma ukurasa mmoja bila kichwa kumwuma. Alirudia kidato cha pili mwaka uliofuata, nyuma ya wenzake wote.

Mama yake alikuja shuleni. Hakunitukana wala hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Mwalimu, huyu mtoto nilikukabidhi ili umfundishe nini?"

Nimelitafakari swali hilo kwa miaka mingi, na sehemu ya jibu ni hii. Kisu cha ngariba huja mara moja, mkononi mwa mtu anayemtakia kijana mema, na kidonda chake hupona mbele ya macho ya watu. Konde huja tena na tena, mkononi mwa mtu anayekusudia kukuangusha, na jeraha lake halionekani. Ubongo umo ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Ganda laweza kubaki zima, na kiini kikawa kimevurugika. Kofia ya kujikinga huzuia ngozi isichanike, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike. Kwa hiyo ujasiri wa kutotikisika, ambao ni sahihi kabisa uwanjani kwa ngariba, ni upotovu ulingoni. Mashujaa wa ndondi ni wale wasiopatikana.

Tazama mfano wa Philip Waruinge. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alishindwa katika nusu fainali na kupata shaba, ilhali mshindani wake, Antonio Roldán wa Mexico, alitwaa dhahabu. Lakini kombe la Val Barker, ambalo hutolewa kwa bondia bora wa mashindano yote kwa mtindo na ufundi wake, alikabidhiwa Waruinge. Miaka minne baadaye, mjini Munich, aliongeza fedha. Ulimwengu ulitambua kwamba yule aliyeshika nafasi ya tatu ndiye aliyeujua mchezo kuliko wote. Je, sisi walimu, ambao hupima kila kitu kwa alama na nafasi, tungeliona hilo?

Mwanafunzi mwerevu ataniuliza kuhusu Muhammad Ali, ambaye mwaka 1974 mjini Kinshasa alijiegemeza kwenye kamba akamwacha George Foreman ampige mpaka akachoka. Ni kweli. Lakini Ali alianza akiwa na miaka 12 mjini Louisville, pale baiskeli yake ilipoibiwa, naye akaapa kumpiga mwizi. Afisa wa polisi, Joe Martin, alimshauri ajifunze kwanza. Alipofika Kinshasa alikuwa amejifunza kwa miaka 20, na makonde mengi ya Foreman aliyapokea mikononi, si usoni. Na pamoja na ujuzi wote huo, mwaka 1984 madaktari walimkuta na maradhi ya Parkinson. Ikiwa mabingwa kama Ali na Wangila hawakusalimika, sembuse mwanagenzi wa majuma saba?

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuzipiga marufuku ndondi zote kwa vijana. Nawaheshimu, hasa wale ambao ni madaktari. Lakini vijana hawatangoji ruhusa yetu. Watapigana nyuma ya soko, bila glavu, bila refa, na bila mtu wa kuwaambia kidevu kishuke. Wengine watasema kwamba tutawafuga wahuni. Kwa uzoefu wangu, aliyetembea wiki tatu juu ya mstari wa chaki kabla ya kuruhusiwa kurusha ngumi hujifunza kwanza kuizuia hasira yake. Mhuni hana subira hiyo.

Shule zetu si wageni wa michezo. Friends School Kamusinga na St. Anthony's Kitale zimejenga sifa kwa mpira wa magongo, mchezo ambao nao hudai miguu, jicho na nidhamu. Mtaala wa Umilisi umeifanya sayansi ya michezo, pamoja na sanaa, kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Wasichana nao wasiachwe nyuma, kwani Conjestina Achieng alikwisha kuonyesha njia, na Elizabeth Andiego aliiwakilisha Kenya mwaka 2012 mjini London, wanawake walipopigana ndondi katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Napendekeza basi mambo manne.

Kwanza, mwanafunzi asipigwe wala asipige kichwani kwa mihula mitatu ya mwanzo. Ajifunze kusimama, kutembea, kujikinga na kukwepa.

Pili, tuanzishe mashindano ya ufundi baina ya shule, ambapo mwanafunzi atapewa alama kwa miguu yake, kinga yake na jinsi anavyokwepa, bila kumgusa mtu. Gharama yake ni chaki, kamba ya kuruka na gunia lililojazwa matambara na unga wa mbao. Kitale na Bungoma, nchi ya mahindi, hazikosi magunia.

Tatu, mwanafunzi yeyote aliyepigwa kichwani akaonyesha dalili za kuchanganyikiwa, kuumwa kichwa au kutapika, aondolewe hapo hapo na kupelekwa hospitalini. Asirudi siku hiyo, wala siku nyingine yoyote, kabla daktari hajamruhusu. Konde la pili juu ya ubongo ambao haujapona laweza kuua.

Nne, asiwepo mwalimu atakayemtoa mwanafunzi kwa mwandalizi wa mapigano wa nje bila idhini ya mzazi na daktari, hata kama jina la shule litatajwa. Hasa kama jina la shule litatajwa.

Na wewe mwanafunzi, ukikutana na mkufunzi atakayekuvika glavu siku ya kwanza na kukusukuma ulingoni, toka mlangoni bila haya. Kicheko kikikufuata, kiache kikufuate. Umekwisha kuielewa methali ambayo mimi nilihitaji miaka mingi kuielewa.

Nimestaafu sasa. Sajini alikwisha kufariki, na mstari wake wa chaki ulifutika zamani. Kijana yule wa kidato cha pili ni mtu mzima mwenye familia yake, na tunapokutana hunisalimu kwa heshima na kuniita mwalimu. Hajawahi kunilaumu. Lakini swali la mama yake lingali linaningoja, na natumaini mwenzangu mmoja, huko Kitale au Bungoma, atalijibu vizuri kuliko mimi.